Gauni la Harusi Halitibu Mgongo



Leo mtatusamehe, hatuna picha za hina wala bei za satini. Tuna jambo limetukaa kifuani tangu msimu wa harusi uliopita, na tumeona tuliseme hapa hapa ambapo wanaosoma ni maharusi, mama zao, mawifi na makungwi.

Sisi mafundi wa nguo za harusi huuona mgongo wa binti kabla ya daktari. Futi tunaianzia kwenye mfupa wa shingo tunaishusha hadi kiunoni, na mkono unapita juu ya kila pingili. Mgongo wenye nundu, hata ndogo, unakula kitambaa: pindo la nyuma linapanda, la mbele linaburura. Binti anaweza kusema yu mzima, lakini gauni likishavaliwa halimungi mkono.

Kuna mmoja aliletwa na mama yake zikiwa zimebaki wiki tano tu za harusi. Katikati ya mgongo palikuwa na kinundu kigumu kama kifundo cha kidole. Tulipopagusa akaruka. Vipimo alivyotutumia kwa simu mwezi mmoja nyuma vilikuwa vinampwaya. Tukamuuliza kama anakula, akacheka akasema ni mawazo ya harusi. Jioni alikuwa akipata vihoma, usiku jasho linaloa foronya. Mama akatuvuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hilo lifanyie ujanja lisionekane."

Na sisi tukalifanyia ujanja. Tukatia bitana nzito mgongoni, tukaongeza pindo la nyuma, tukaishusha shela yenye ushanga kuanzia mabegani. Siku ya harusi kila mtu alilisifu gauni. Tukapokea pesa yetu na sifa zetu.

Wiki ya saba ya ndoa akaanguka akienda kutia udhu. Miguu haikumbeba tena.

Ilikuwa TB ya mgongo, kifua kikuu kilichokaa ndani ya pingili. Na kabla ya hapo, katika miezi ile yote ya maumivu, asifikiri mtu kwamba alikaa tu bila kushughulikiwa. Alichomwa sindano za maumivu kwenye kituo kimoja mara nne. Alichuliwa. Alipigwa hijama. Alinywa kombe. Siku ya singo mgongo ulisuguliwa na wanawake watatu, na wote watatu waliiona ile nundu wakanyamaza, kama tulivyonyamaza sisi. Kila mtu alimtibu kwa kilichokuwa mkononi mwake, na hakuna aliyemwambia nenda kapige picha.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza, tukisikiliza, tukiwasumbua madaktari na wauguzi wanaotuletea sare zao kushona. Tuliyoyaelewa tunawapeni.

Mdudu wa TB huingia kwa hewa, kwenye mapafu, kisha anaweza kusafiri kwa damu akaenda kukaa kwenye mfupa. Pingili za mgongo anazipenda sana, hasa sehemu ya kifua kushuka kiunoni. Hula upande wa mbele wa pingili, ule wenye kubeba uzito, na ule mto wa kati ya pingili na pingili. Mbele pakishabonyea, mgongo unakunjika kwenda mbele, na nyuma panatokeza nundu. Usaha wake unaweza kuteremka taratibu hadi kwenye kinena au paja, ukafanya uvimbe usio na moto wala wekundu, na watu wakadhani ni ngiri. Na usaha huo, au mfupa uliovunjika, ukiubana ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti, miguu hulegea, mkojo hukataa, mtu hupooza.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Miili iliyokaushwa ya Misri ya kale imekutwa na pingili zilizolika namna hii. Daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika mwaka 1779 juu ya wagonjwa waliopooza miguu pamoja na mgongo kupinda, na hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake. Mdudu mwenyewe alitangazwa na Robert Koch mjini Berlin mwezi Machi 1882. Kwa hiyo mtu akikwambia kibyongo cha mwanao ni jini la baharini au jicho la jirani, mwambie utamsomea dua, tena utamsomea kwa yakini, lakini safari ya hospitali ni kesho asubuhi.

Sasa tuje kwenye kisu, maana ndipo familia zetu zinapogawanyika vipande viwili. Wako wanaosema mgongo ukiguswa na kisu ndiyo kwaheri ya kutembea. Na wako wanaouza kiwanja siku hiyo hiyo waende India. Sisi tunaona wote wawili wamewahi kusema kabla ya daktari.

Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hupona kwa vidonge, bila kupasuliwa. Hili halikuja kwa kubahatisha. Miaka ya 1950 huko Hong Kong, wapasuaji Hodgson na Stock walianza kuufuata ugonjwa kwa mbele, kupitia kifuani au tumboni. Walikwangua mfupa wote uliooza, wakautoa usaha, kisha wakaziba pengo kwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Operesheni hiyo ikapata sifa dunia nzima. Lakini kuanzia miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likafanya majaribio makubwa Korea, Hong Kong, Madras na Bulawayo, kulinganisha waliopasuliwa na waliokunywa dawa tu. Waliokunywa dawa wengi walipona huku wakiendelea na shughuli zao, na kule kulazwa kitandani miezi na kuvalishwa koti la plasta hakukuongeza kitu. Waliofanyiwa ile ya Hong Kong mifupa yao iliungana upesi zaidi na mgongo ulipinda kidogo zaidi, lakini ilitaka mikono mizoefu na hospitali kamili. Mwaka 1975 Tuli wa India akaandika juu ya njia ya kati na kati: dawa kwa kila mgonjwa, kisu kwa anayekihitaji.

Anayekihitaji ni nani? Ni yule ambaye miguu inalegea na inazidi, au amekunywa dawa wiki kadhaa na nguvu hairudi. Ni yule ambaye pingili zimevunjika kiasi kwamba mgongo unacheza, haujishikilii. Ni yule ambaye nundu imeshakuwa kubwa au inakua mbele ya macho, na hapa watoto ndio wa kuangaliwa kuliko wote, kwa sababu mtoto anaweza kupona TB na mgongo ukaendelea kupinda kadiri anavyorefuka. Ni mwenye usaha mwingi usiokauka. Na wakati mwingine ni yule ambaye madaktari hawana hakika kama ni TB au ni kitu kingine, mathalani saratani, basi huchukuliwa kinyama kidogo kikapimwe. Hicho mara nyingi hutolewa kwa sindano ndefu, mgonjwa akiongozwa na picha ya mashine, bila kupasuliwa kabisa.

Na operesheni yenyewe si moja. Usaha uliokusanyika kwenye paja au kiunoni unaweza kutolewa kwa mrija. Kuna ile ya kuingilia mbele, tuliyoieleza ya Hong Kong. Kuna ya kuingilia nyuma, ambayo siku hizi ni ya kawaida sana: mgonjwa hulazwa kifudifudi, pingili nzima za juu na za chini hutiwa skrubu, skrubu zikaunganishwa na fito mbili za chuma, mgongo ukanyooshwa na kushikiliwa wakati mfupa unaunga. Kutoka nyuma huko huko daktari anaweza kuzunguka ubavuni mwa pingili, pengine akaondoa kipande cha ubavu, akafika kwenye uozo akaukwangua. Wengine hufanyiwa mbele na nyuma.

Tuliuliza swali la kishamba: mbona kutia chuma penye usaha, hakitaoza? Tukajibiwa kwamba mdudu wa TB, tofauti na vijidudu vya vidonda vya kawaida, hana tabia ya kung'ang'ania juu ya chuma, na dawa zikinywewa sawasawa chuma kinakaa salama. Tukaambiwa na jengine la kushika. Operesheni ya kubandua mfupa wa nyuma peke yake, bila vyuma, mara nyingi si tiba ya ugonjwa huu, maana mbele kumeshaliwa, na ukiondoa na nyuma mgongo haubakiwi na kitu cha kuushikilia. Kwa hiyo dada, ukiambiwa upasuliwe, uliza: mnaingilia wapi, mnatoa nini, mnatia nini? Si utovu wa adabu. Sisi mteja asipotuuliza bitana ni ya kitambaa gani tunamshangaa.

Hatari zipo. Kuna damu, kuna nusukaputi, kuna kidonda kuingia wadudu, kuna skrubu kulegea, na yuko anayetoka salama na miguu isirudi yote, hasa aliyekaa amepooza muda mrefu kabla ya kupelekwa. Kila siku ya kuchelewa ina bei yake, na kisu kizuri hakiirudishi yote.

Kisu hakiondoi vidonge pia. Hili tunalikazia kwa sababu tumewasikia watu wanasema "si ameshasafishwa." Aliyepasuliwa na asiyepasuliwa wote wanakunywa dawa zile zile: dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha mbili, na kwa mifupa kwa kawaida jumla yake ni kati ya miezi 9 na 12. Katika vituo vya serikali hapa Tanzania dawa za TB ni bure. Mkojo utageuka rangi ya chungwa. Hiyo si damu, ni rangi ya rifampisini, na hata jasho linaweza kupaka nguo nyeupe, kwa hiyo wakati wa dawa vaeni za rangi chini.

Kwa maharusi kuna jambo ambalo halisemwi ukumbini. Rifampisini inapunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Mwambieni muuguzi mapema awapangie njia nyengine. Na mimba ikiingia katikati ya dawa, msiache dawa kwa hofu. Zile nne za kawaida wajawazito huendelea nazo chini ya uangalizi. Aliyetiwa vyuma kiunoni amwambie daktari wa nusukaputi kabla ya kujifungua, kwani sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kuwa na taabu kwake. Kuzaa kwenyewe, mgongo ulioponda ukapona haukufungii mlango.

Turudi kwa binti yetu. Kipimo cha MRI kilionyesha pingili mbili za kifua zimeliwa na ugwe umebanwa. Madaktari wakasema dawa zianze leo na operesheni isikae. Ikakaa siku kumi na tisa. Ami yake aliyeko Muscat alitaka kwanza picha zitumwe huko. Bibi alitaka kafara. Mavyaa alisema hawatatoa hata shilingi kwa sababu wameozeshwa mgonjwa. Mume alikaa kimya, na hospitali walikuwa wanamsubiri yeye ndiye atie saini. Siku hizo zote mke yuko kitandani, akili yake timamu, kalamu iko juu ya kabati, na hakuna aliyempa.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi, na atakayekasirika atusamehe. Mwili ni amana aliyopewa yeye. Mtu mzima mwenye fahamu zake ndiye anayeelezwa, na ndiye anayetia saini yake. Mume ashirikishwe, wazee washirikishwe, dua zisomwe, istikhara isaliwe. Lakini istikhara ni rakaa mbili, haichukui siku kumi na tisa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Hatuoni katika mafunzo hayo mahali panapomwambia mwanamke asubiri miguu ife mpaka ami apokee simu.

Wengine walileta suala la sitara, kwamba daktari ni mwanamume na mgongo wote utakuwa wazi. Tukauliza kwa masheikh zaidi ya mmoja. Akipatikana mwanamke mwenye ujuzi huo ndiyo bora, na asipopatikana dharura inaruhusu, kwa kiasi cha haja. Omba muuguzi wa kike awepo, omba ufunikwe pasipohusika na operesheni. Wauguzi wetu ni Waislamu wenzetu wengi, hawakatai. Kwenye swala, asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Penye bendeji panapanguswa kwa maji au anatayamamu, kila mtu aulize hali yake. Na mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Suratul Baqara, asijitese akaruka vidonge ili aonekane mchamungu.

Hijama ni sunna na hatuipigi vita, wala habba soda, wala asali. Tunachosema ni kwamba usaha uliomo mbele ya pingili, nyuma ya mapafu, hautoki kwa kikombe cha mgongoni. Na kuchua kwa nguvu mgongo wenye nundu, au kuuvuta unyooke, ni hatari tupu. Pingili iliyoliwa inaweza kuporomoka mikononi mwenu. Makungwi, tafadhali sana, mkikuta nundu siku ya singo wekeni ile singo chini.

Halafu hii habari ya "mmetuozesha mgonjwa." TB iliyoko mgongoni peke yake haiambukizi kwa kulala pamoja, kula sahani moja wala kukumbatiana. Inayoambukiza ni ya mapafu au ya koo, kwa kukohoa, ndiyo maana mgonjwa wa mgongo hupimwa na kifua pia, na wanaoishi naye wakachunguzwa. Hupimwa na virusi vya Ukimwi, kama wagonjwa wote wa TB. Kupimwa huko si tuhuma, na wengi hawana. Kutenga kikombe na sahani ya mkaza mwana hakumkingi mtu na chochote. Ila kuna haki upande wa pili nayo tuiseme: kuficha maradhi ili akdi ipite si uungwana. Mama yule hakuwa mwovu. Aliogopa posa itavunjika, na mahari yalikuwa yameshanunua kitanda. Lakini lau harusi ingesogezwa miezi mitatu, binti angeanza vidonge akiwa anatembea kwa miguu yake, na pengine asingehitaji kupasuliwa hata kidogo. Kadi zilikuwa zimeshachapwa. Kadi mia mbili na hamsini, dada zetu, ndizo zilizoupa ugonjwa wiki kumi na mbili.

Na hatusemi mama peke yake. Mkono wetu ulipita juu ya nundu ile.

Kwa anayesoma huku ana mtu nyumbani: maumivu ya mgongo yanayopita wiki mbili tatu, yanayouma na usiku, pamoja na kukonda, homa za jioni au jasho, ni ya kupeleka kituo cha afya na kuomba kipimo. Huenda kikohozi hakipo kabisa. Kama miguu inakuwa mizito, anajikwaa kwenye zulia, ganzi inapanda, au mkojo hautoki vizuri, hiyo ni ya siku hiyo hiyo. Hapa Unguja, Mnazi Mmoja pana madaktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na Dar es Salaam iko taasisi ya MOI pale Muhimbili. Kiwanja kisiuzwe kabla hawa hawajaulizwa. Na mgonjwa akiwa hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila saa mbili usiku na mchana. Vidonda vya kulalia vimewatesa watu ambao mgongo wao ulikuwa umeshapona.

Aliyetia saini mwishowe ni mwenyewe. Baada ya isha, mama na mume wamekwenda kula, alimuomba muuguzi ile fomu. Waliingilia nyuma, wakamtia skrubu nane na fito mbili. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea siku ya nne. Kusimama kulichukua miezi miwili, kwa mazoezi na machozi, na mguu wa kushoto bado unaburura akichoka. Ndoa ipo, ila wamehamia kwao binti. Sisi hatuulizi zaidi ya hapo.

Dukani tumebadilisha utaratibu. Tukikuta mgongo hauko sawa tunafunga pazia, tunamwambia binti mwenyewe kwanza, kisha mama, na hatukati kitambaa mpaka arudi na jibu la daktari. Mwaka huu wawili tumewaambia. Mmoja alikuwa na mgongo uliopinda tangu utotoni, hana ugonjwa wowote, tukamshonea. Wa pili aliondoka na kitambaa chake, akapeleka kwa fundi mwengine, na mama yake hatusalimii sokoni. Tunamuomba Allah iwe tulikosea.

Yeye mwenyewe alikuja wiki iliyopita kupima dera la Idi. Kapanda ngazi zetu tatu akishika ukuta, akavua mkanda wa mgongo akautundika kwenye msumari wa buibui. Tukashusha futi taratibu, kando ya kovu. Akatuambia safari hii bitana tuifanye nyepesi, joto.